Mtoto Abaki na Nani? Mwongozo wa Kupanga Gharama za Malezi ya Mchana Jijini Mwanza

Likizo ya uzazi ikikaribia kwisha, maswali huwa yale yale. Dada wa kazi au kituo? Bibi akija kutoka kijijini, si tutakuwa tumeokoa kila kitu? Mtoto wa miezi mitatu anapokelewa wapi? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: mshahara wangu ukiishia wote kwa dada, kuna haja gani ya kwenda kazini?

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Mwanza, awe Nyamagana au Ilemela, mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano na kazi inayomtoa nyumbani: muuza duka mjini kati, mama wa dagaa pale Mwaloni, muuguzi wa zamu, fundi wa Nyakato, mfanyakazi wa kiwanda cha minofu. Shika jambo moja tangu mwanzo: ada unayotajiwa getini siyo gharama ya malezi. Gharama ni ada pamoja na nauli, chakula, pampasi, siku za homa na jioni ulizochelewa kumchukua. Familia nyingi ninazoziona zikihangaika hazikushindwa na ada, zimeshindwa na hivyo vingine ambavyo hakuna aliyeviandika popote.

Bei nilizoweka humu ni za kukuonyesha namna ya kupiga hesabu. Bei za Capri Point siyo za Kishiri, kwa hiyo weka za mtaa wako.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Daftari na kalamu. Kichwa hakitunzi hesabu za namna hii.
- Kipato cha wazazi wote wawili kwa miezi mitatu iliyopita, kile kilichofika mkononi kweli, baada ya makato na marejesho ya mkopo.
- Saa unayotoka nyumbani na saa unayorudi. Ukiingia kazini saa 2 asubuhi na unaishi Buhongwa, siku yako inaanza saa 12 na nusu, na mtoto anahitaji mtu tangu saa hiyo.
- Kadi ya kliniki iliyojazwa vizuri na cheti cha kuzaliwa. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo, ulizia kituo cha afya au ofisi ya kata.
- Namba za simu za watu wawili wazima wanaoweza kumchukua mtoto siku ya dharura. Siyo mmoja, wawili.
- Akiba ya mwezi mmoja wa malezi. Kama huna, soma Hatua ya 1 kabla hujajifungua.

Hatua ya 1: Panga muda kabla ya kupanga hela

Kadiri mtoto anavyokuwa mdogo, ndivyo malezi yanavyokuwa ghali na ndivyo milango inavyokuwa michache. Vituo vingi havipokei mtoto ambaye hajafika miaka miwili. Kwa hiyo kila wiki unayoongeza nyumbani kihalali ni hela uliyookoa.

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 ukijifungua mapacha au zaidi. Baba ana siku 3. Mwajiri anatakiwa apewe taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ipeleke kwa maandishi, ubaki na nakala.

Kuna mambo mawili ambayo watu wanayaacha mezani. La kwanza ni likizo ya mwaka, siku 28. Omba mapema iunganishwe na ya uzazi: 84 na 28 ni siku 112, karibu miezi minne. La pili ni saa za kunyonyesha. Ukirudi kazini, sheria inamtaka mwajiri akuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kaa na bosi wako mapema mkubaliane zitatumikaje. Wengine hurudi nyumbani mchana, wengine huafikiana na mwajiri watoke mapema jioni. Kwa anayekaa mbali, kutoka mapema kunampunguzia pia faini ya kuchelewa kituoni.

Kama unajiajiri, hakuna anayekulipa ukikaa nyumbani. Ingia kwenye mchezo wa kupeana hela kwa zamu au kikoba mimba ikiwa changa, na uombe zamu yako ya kupokea iangukie karibu na siku ya kujifungua. Wenzako wakijua sababu, ni wachache watakaokataa.

Hatua ya 2: Orodhesha njia zote, hata zile usizozipenda

Zipo sita: kituo cha kulelea watoto mchana, dada anayelala kwako, dada wa kutwa anayerudi kwao jioni, mama wa jirani anayelea kwake, ndugu kutoka kijijini, na akina mama wenzako kwa zamu. Ziandike zote, kisha futa zisizowezekana. Kama mnaishi chumba kimoja, dada wa kulala mfute hapo hapo. Binti wa watu hawezi kulala chumba kimoja na mke na mume.

Hatua ya 3: Piga hesabu kamili ya kila njia

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote zinaizunguka. Tumia siku 22 za kazi kwa mwezi, au 26 kama unafanya kazi na Jumamosi.

Mfano wa kituo kinachotangaza ada ya shilingi 60,000:

- Ada: 60,000
- Hela ya chakula, 1,000 kwa siku: 22,000
- Nauli ya kumpeleka na kumrudisha, 1,000 kwa siku: 22,000
- Pampasi anazotakiwa kwenda nazo, 1,500 kwa siku: 33,000
- Faini ya kuchelewa, 1,000, tuseme mara sita: 6,000
- Akiba ya siku za kuugua: 10,000

Jumla ni 153,000. Gawanya kwa 22: karibu 7,000 kwa kila siku ya kazi. Hiyo ndiyo bei ya kituo cha elfu sitini. Na bado kuna vya mara moja: fomu, sare, godoro dogo, shuka, kikombe. Vijumlishe vyote ugawe kwa 12, uongeze kwenye mwezi.

Sasa dada anayelala kwako, tuseme mshahara wa 80,000:

- Mshahara: 80,000
- Chakula chake, 2,500 kwa siku kwa siku 30: 75,000
- Sabuni, mafuta, taulo za kike, nguo: 10,000
- Matibabu: 5,000
- Nauli ya kwenda kwao likizo, imegawanywa kwa mwezi: 3,500

Jumla 173,500. Ni zaidi ya kituo, lakini angalia tena. Dada akiwa nyumbani mtoto anaweza kuvaa nepi za kitambaa mchana, na ukiwa na watoto wawili wadogo gharama yake haipandi mara mbili, wakati kituo kitakutoza ada mbili na sahani mbili. Kwa hesabu za mitaa mingi ninayoijua, mtoto mmoja aliyevuka miaka miwili, kituo kinashinda. Watoto wawili au watatu wadogo, dada anashinda. Mtoto ambaye hajafika mwaka, mtu mzima mmoja anayemshika yeye tu ni bora kuliko vyote, awe ndugu au mama wa jirani, hata ikibidi kubana mahali pengine.

Kosa kubwa hapa ni kufananisha ada na mshahara wa dada peke yake, 60,000 kwa 80,000, halafu kuamua papo hapo. Kosa la pili ni kuchagua kituo cha bei nafuu kilicho mbali. Kituo cha 50,000 kinachokulazimu kupanda bodaboda asubuhi na jioni ni ghali kuliko cha 75,000 unachofika kwa miguu. Na usisahau mvua. Aliyepanga juu ya mawe Bugarika au Igogo anajua zile ngazi zikilowa zinakuwaje ukiwa na mtoto mgongoni na begi mkononi. Masika, njia ya bure inageuka kuwa nauli.

Hatua ya 4: Ilinganishe na kipato cha wote wawili

Hapa nasema kwa msisitizo: usiitoe gharama ya malezi kwenye mshahara wa mama peke yake. Mtoto ni wa wote wawili, na baba naye anaweza kwenda kazini kwa sababu kuna anayemshika mtoto. Ukichukua 153,000 ukaitoa kwenye mshahara wa mama wa 300,000, ukaongeza na nauli yake, utaona kazi haina faida na mama atakaa nyumbani. Ukiichukua hiyo hiyo kwenye 300,000 za mama na 350,000 za baba, ni chini ya robo ya kipato cha nyumba. Hela ni zile zile, lakini uamuzi unakuwa mwingine kabisa.

Mama akiacha kazi, miaka mitatu baadaye mtoto atakuwa amekua na kazi itakuwa imeshachukuliwa na mwingine. Mwenye biashara atakuwa amepoteza wateja na meza yake. Yaandikeni na hayo pembeni ya hesabu, mkae wawili mezani muamue.

Kama kipato cha nyumba ni cha mzazi mmoja, kipimo ninachotumia ni theluthi. Malezi yakivuka theluthi ya kipato, usijilazimishe, nenda moja kwa moja Hatua ya 7.

Hatua ya 5: Kikague kituo wewe mwenyewe

Kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kisajiliwe chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Anayehusika ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri: Jiji la Mwanza kwa anayeishi Nyamagana, Manispaa ya Ilemela kwa anayeishi Ilemela. Omba kuona cheti cha usajili. Mwenye kituo safi hukionyesha bila kinyongo. Akikuambia kipo kwenye mchakato, muulize afisa ustawi kama ni kweli.

Kisha nenda bila taarifa. Usiende asubuhi, asubuhi kila kituo kinapendeza. Nenda kati ya saa 7 na saa 9 mchana, watoto wakiwa wamekula na walezi wamechoka. Simama mlangoni utazame. Kile kituo ninachowapeleka wenzangu wakione kama mfano kina chumba kimoja tu, sakafu ya saruji na mikeka. Saa 8 utawakuta watoto wamelala kwa safu, vichwa upande wa ukutani, na kila mmoja ana kanga aliyotoka nayo kwao. Mlezi mmoja amekaa chini katikati yao anampepea aliyejaa jasho. Mwingine yuko nje anasuuza vikombe, na kila kikombe kimefungwa uzi wa rangi yake wasichanganye. Jiko la mkaa liko nyuma ya mlango wenye komeo, na ndoo ya maji ina mfuniko. Hakuna televisheni wala picha za ukutani, na ada yake ni ya kawaida tu, lakini kila mtoto mle ndani ana anayemwona.

Wewe tazama hivi:

- Hesabu watoto, hesabu walezi. Usiulize, hesabu kwa macho. Mlezi mmoja mwenye watoto wachanga sita hawezi kuwalinda hata akiwa na moyo wa dhahabu.
- Maji. Mtoto anaweza kuzama kwenye ndoo. Pipa lisilofunikwa, shimo la choo, mfereji, na kwa walio karibu na ziwa kama Igombe, Luchelele na Kirumba, uzio unaofika mwisho.
- Wanapikia wapi, na mtoto anaweza kufika kwenye jiko?
- Choo na mahali pa kunawa mikono.
- Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Jibu sahihi ni lenye orodha ya majina.

Kabla ya kutoa hela muulize mwenye kituo haya, uyaandike majibu mbele yake: Chakula kimo ndani ya ada? Mkifunga Juni na Desemba, ada inalipwa? Mtoto akiugua wiki nzima, kuna punguzo? Faini ya kuchelewa inaanza saa ngapi? Ndugu wa pili analipa kiasi gani? Sare ni lazima? Mengi kati ya haya yanajadilika kabla hujalipa. Ukishalipa, hakuna anayejadili. Dai risiti kila mwezi, hata iliyoandikwa kwa mkono.

Kwa mtoto anayenyonya, maziwa ya mama yatakuokoa na bei ya maziwa ya kopo. Kamua asubuhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto la kawaida la ndani hukaa kwa muda usiozidi saa nne, kwenye friji hadi siku nne. Kituo kisicho na friji, peleka ya kutosha mlo wa asubuhi, na tumia zile saa za kunyonyesha kwa ajili ya mchana.

Hatua ya 6: Ukimchukua dada, umwajiri kweli

Neno langu la kwanza ni umri. Kuna watu watakuletea binti wa miaka 13 kutoka Sengerema au Kwimba, na kitakachokuvutia ni kwamba ni wa bei ya chini. Mkatae. Sheria ya Mtoto inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kwa kazi nyepesi, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Dada anayelala kwako ataamshwa usiku mtoto akilia, kwa hiyo tafuta aliyefika miaka 18. Na zaidi ya sheria, huwezi kumkabidhi mtoto wako kwa mtoto mwenzake anayetakiwa kuwa darasani.

Mshahara nao una kima cha chini. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo uliza Ofisi ya Kazi kilichopo sasa. Hicho ni kima cha chini, hakuna aliyekukataza kupita hapo.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Ongea na wazazi wake kwa simu, uwasalimie, uwaambie ukoje na unaishi wapi. Kama unaweza, nenda kwao.
2. Chukua nakala ya kitambulisho chake cha taifa (NIDA) au barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kijiji.
3. Mtambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wako na kwa majirani wawili.
4. Andikeni karatasi: mshahara, tarehe ya kulipwa, siku yake ya mapumziko kila wiki, likizo ya mwaka, kazi zake. Isaini wewe, yeye na shahidi.
5. Mlipe yeye mwenyewe kwenye simu yake. Asilipwe dalali wala mjomba. Akitaka kutuma kwao, atatuma.

Kosa linalozikosesha nyumba nyingi dada wazuri ni kumwongezea kazi kimya kimya. Umemwajiri alee mtoto, mwezi wa pili anafua za nyumba nzima, wa tatu anauza genge lako. Mtoto anabaki peke yake kwenye mkeka, na wewe unaamini ana mlezi. Ukitaka afanye kazi mbili, sema hivyo tangu mwanzo, umlipe hivyo.

Hatua ya 7: Bibi, jirani na akina mama wenzako

Bibi si wa bure. Ana nauli ya meli kutoka Nansio, ana dawa zake za presha, na ana shamba aliloliacha. Kabla hujamwambia aje, muulize kwa heshima: “Mama, ukija kukaa nasi, shamba atabaki nalo nani?” Akitaja kibarua wa kulima mihogo, hiyo hela ni yako kuitoa. Iandike kwenye daftari kama unavyoandika ada. Na umwekee kikomo, miezi sita au hadi mtoto atembee, ajue atarudi lini nyumbani kwake. Bibi wa miaka 70 hawezi kumkimbiza mtoto aliyeanza kukimbia.

Mama wa jirani ni njia nzuri kwa kipato cha siku. Mnakubaliana kwa siku, unapeleka uji na nepi, siku usiyokwenda kazini hulipi. Mchague kwa vile unavyomwona akiishi na watoto wake mwenyewe, na usiwe wa tano kumpelekea mtoto.

Zamu za akina mama zinasifiwa sana, lakini zipigie hesabu kwanza. Mkiwa watatu mnaofanya kazi siku sita, kila mmoja anabaki na watoto siku mbili. Kama faida yako ya siku ni 10,000, umepoteza 20,000 kwa wiki, yaani 80,000 au zaidi kwa mwezi. Umezidi ada ya kituo. Bora nyie watatu mchange 1,500 kila mmoja kwa siku mumlipe mtu mzima mmoja mnayemwamini 4,500, alelee nyumbani kwa mmoja wenu. Zamu ziacheni kwa siku ambazo huyo mtu anaugua.

Hatua ya 8: Malipo yafuate namna hela inavyoingia

Mwenye mshahara alipe siku ile ile mshahara unapoingia, kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye biashara ya kila siku asikubali kulipa kwa mwezi kama hana uhakika. Omba kulipa kila Jumamosi.

Kwa walio kwenye dagaa, hesabu ni ya mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika na Mwaloni panapoa. Kwa hiyo wakati wa giza lipa wiki mbili kwa pamoja, moja ya sasa na moja ya mbalamwezi. Mlezi wa Kirumba au Igombe ukimweleza hivi anakuelewa mara moja, kwa sababu na yeye kipato chake kinafuata hicho hicho.

Hatua ya 9: Wiki ya majaribio

Usimpeleke mtoto kwa mara ya kwanza siku unayorudi kazini. Anza wiki moja kabla: siku ya kwanza kaa naye saa moja, ya pili mwache saa mbili, ongeza taratibu. Kama ni dada, aje wiki mbili kabla, mlee pamoja. Mwonyeshe anavyolala, anavyokataa uji, kadi ya kliniki ilipo na hospitali ya kukimbilia. Hela ya wiki hizo iingie kwenye ile akiba ya mwezi mmoja.

Hatua ya 10: Pitia hesabu kila mtoto anapopanda hatua

Akiacha pampasi, 33,000 zimerudi. Akianza kula chakula cha nyumba nzima, maziwa yanapungua. Na akifika umri wa darasa la awali, shule ya msingi ya serikali haitozi ada. Ukiona mwisho wa mwaka unakaribia, nenda shule ya karibu na cheti cha kuzaliwa uulize uandikishaji unaanza lini, maana nafasi hujaa. Lakini kumbuka, watoto wa awali wanatoka mapema, kabla jua halijawa kali. Mchana wote uliobaki bado unahitaji mtu. Wengi husherehekea kufutika kwa ada, halafu Januari wanamkuta mtoto wa miaka mitano anazunguka mtaani na ufunguo shingoni. Panga mchana huo mapema, kwa nusu ya malipo uliyokuwa ukitoa.

Mambo yakikwama

*Dada ameondoka ghafla.* Wapigie wale watu wawili wa dharura. Usichukue wa kwanza anayeletwa kesho yake kwa sababu una haraka. Chukua siku chache za likizo, baba na mama mkipokezana, upitie tena Hatua ya 6 yote.

*Mtoto analia kila asubuhi.* Wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Akiendelea, au akianza kuogopa mtu fulani, akikonda, akiwa na alama mwilini, mtoe siku hiyo hiyo. Ukihisi amedhuriwa, piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Usianze kwa kugombana na mwenye kituo.

*Ada imepandishwa katikati ya mwaka.* Onyesha ile karatasi ya Hatua ya 5. Nendeni wazazi kadhaa pamoja, mkaombe ianze muhula ujao. Mwenye kituo naye ananunua mchele sokoni, msikilizeni.

*Mwajiri anakataa saa za kunyonyesha.* Andika barua ya maombi ukitaja sheria, ubaki na nakala yenye mhuri au saini ya aliyepokea. Ikishindikana, nenda Ofisi ya Kazi. Mgogoro ukikomaa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ile nakala ndiyo ushahidi wako.

*Mshahara umechelewa.* Mwambie mlezi kabla ya tarehe, siyo baada. Mpe nusu, taja siku ya kumalizia, uitimize. Mshahara wa dada usiuguse kamwe kuziba pengo jingine.

*Mtoto ana homa na kituo hakimpokei.* Kina haki, kinawalinda wengine. Mpeleke akapimwe malaria kwanza, usikisie dawa. Zamu ya kubaki naye iwe ya baba leo, ya mama kesho, na ile 10,000 ya akiba ndiyo kazi yake.

*Kituo kinafunga Desemba na wewe hufungi.* Hili liulize Oktoba. Mama wa jirani anayelea kwa siku hujaza nafasi mapema mwezi huo, kwa hiyo mpe hela ya wiki ya kwanza Novemba, akuandikie jina la mwanao.